Bahasha ya Kaki: Kweli na Uongo Kuhusu Kusomea Kazi

Kwenye ramani Ndalu iko Bungoma, lakini miguu yetu huelekea Kitale. Spea ya pikipiki, Kitale. Miwani, Kitale. Bungoma mjini tunaenda pale serikali inapotulazimu, na tunarudi siku hiyohiyo. Kijana aliyemaliza shule naye husimama kwenye stendi hivyohivyo, hajui apande gari la upande gani, na nguzo ya umeme aliyoiegemea imebandikwa matangazo ya kozi hadi mbao haionekani: kompyuta wiki nane, udereva, ususi, kutunza wazee kwa wanaokwenda Ulaya, ualimu wa chekechea. Mvua ya Aprili huyaosha, na kabla nguzo haijakauka mengine yamepachikwa juu yake.

Karibu na nguzo hiyo kuna kibanda cha fotokopi. Nimekaa hapo mara nyingi nikingoja matatu ijae, na nimesikia mengi kuhusu masomo na kazi kutoka kwa watu waliokuja na bahasha za kaki kutoa nakala za vyeti vyao. Baadhi ya wanayosema ni kweli tupu. Mengine yamewagharimu watu ng'ombe.

"Cheti ndiyo kazi."

Uongo. Lakini usikichome.

Mzazi anayeuza ng'ombe wa maziwa ili mtoto aende chuo hudhani ananunua kazi. Anachonunua, mambo yakienda vizuri, ni ujuzi pamoja na shahidi wake. Cheti ndiye shahidi: anasema mtu huyu aliwahi kufanya jambo hili mbele ya watu wanaolijua. Na shahidi hutafutwa pale tu ambapo hujulikani. Hapa Ndalu fundi cherehani anajulikana kwa sare alizoshona Januari iliyopita na kwa zilizofumuka Februari. Hakuna mteja atakayemwomba cheti. Fundi huyohuyo akitaka kushonea shule ya bweni kwa zabuni, au binti yake akitaka kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, shahidi anaitwa mbio. Kwa safari ya Ghuba sheria inataka mafunzo ya kabla ya kuondoka, katika kituo kilichoidhinishwa na NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Kipaji cha kupika hakitakupandisha ndege bila karatasi hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kumfungua ng'ombe, uliza swali la kihuni kidogo: hiki cheti ataniomba nani? Kama jibu ni jina la kazi, la kampuni au la ofisi unayoijua, endelea. Kama jibu ni "kitanisaidia siku moja", ng'ombe na arudi zizini.

"Fundi wa mtaani hakusoma."

Uongo mkubwa, na unasemwa hasa na watu ambao pikipiki zao hutengenezwa naye.

Nenda gereji yoyote ya boda boda kati ya Ndalu na Kiminini, ukae juu ya tairi kuukuu, utazame. Yule mvulana anayeosha vyuma kwa petroli ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Anajifunza majina na namba za spana kwa kutumwa na kukemewa. Baada ya miezi kadhaa ataruhusiwa kufungua injini. Kufungua tu. Kufunga bado ni kazi ya fundi, kwa sababu anayefunga ndiye atakayejibu mteja akirudi na moshi. Siku atakayoambiwa, "Leo funga wewe," amehitimu, na hakuna joho wala picha. Wengine hulipia masomo hayo kwa pesa, wengine kwa kufanya kazi bila ujira, wengine kwa kuwa wajomba zao ni wenye gereji.

Huu si mfumo uliookotwa juzi. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya na kuandika ripoti iliyoufanya ulimwengu uanze kuongea juu ya sekta isiyo rasmi; mwaka wa 1977 Kenneth King alichapisha kitabu kizima, The African Artisan, kuhusu namna mafundi wetu wanavyofundishana. Hata vilej poli, vyuo vile vya kijijini ambavyo leo vinaitwa vituo vya mafunzo ya ufundi chini ya kaunti, vilichipuka miaka ya 1960, makanisa yalipouliza watoto waendako baada ya darasa la mwisho. Tatizo la watoto kumaliza shule na kukosa pa kushika ni kuukuu kama nchi yenyewe.

Sasa upungufu wake, maana sitaki kumpamba fundi kuliko anavyostahili. Gereji hufundisha kile fundi anachokijua, na inaishia hapohapo. Fundi aliyekomaa kwenye kabureta atamtoa mwanafunzi wa kabureta. Pikipiki za umeme zimeshaingia miji mikubwa, na siku zitakapofika Ndalu kwa wingi hazitakuja na kabureta. Atakayezifungua ni yule aliyekwisha kujifunza mahali pengine habari za betri na mota, hata kama ni kozi fupi ya wiki chache.

Na kuna mlango ambao mafundi wengi hawajaubisha. Kenya ilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu mwaka wa 2014, na mwaka wa 2024 ikazindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Maana yake ni kwamba mtu aliyejifunza kazi gerejini anaweza kupimwa kwa anachokifanya, papo hapo, akapewa cheti bila kurudi kukaa kwenye dawati. Kabla ya hapo, na hadi leo, ipo mitihani ya gredi za ufundi, ya tatu, ya pili na ya kwanza, ambayo fundi anaweza kuifanya hata kama hakupitia chuo. Nimewahi kumuuliza fundi mmoja wa kuchomelea kwa nini hakufanya hata gredi ya tatu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi milango yangu imefungwa nyumba ngapi hapa?" Jibu zuri. Mwaka uliofuata akakosa kazi ya madirisha ya jengo moja la umma kwa sababu fomu iliuliza gredi.

"Kilimo hakisomewi. Kuka alilima bila darasa."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uongo huu umejengwa juu ya kaburi la mtu aliyesoma kuliko sisi.

Kuka wa Ndalu, yaani babu yetu, yule aliyepata ploti yake kwenye skimu ya makazi wakati wazungu walipokuwa wakiondoka, hakurithi shamba hili wala namna ya kulilima. Alitoka sehemu nyingine za Bungoma na Kakamega, alikozoea mtama na wimbi, mahindi ya kienyeji na vipande vidogo vya ardhi. Akapewa ekari, deni la serikali la kulipa kidogo kidogo, na mara nyingi ng'ombe wa gredi ambaye hakujua hata anakula nini. Mtu wa hali hiyo ana njia mbili: ajifunze au anyang'anywe.

Na wakati huohuo, kilomita chache tu kutoka hapa, kilikuwa kikipikwa kitu kilichobadilisha chakula cha nchi nzima. Tangu katikati ya miaka ya 1950 mtafiti Michael Harrison alikuwa akifanya kazi ya kuzalisha mbegu za mahindi Kitale. Alichukua mahindi yaliyoboreshwa hapo, yaliyoitwa Kitale Synthetic II, akayachanganya na mahindi yaliyotoka Amerika ya Kusini, Ecuador 573. Mtoto aliyezaliwa, H611, alitolewa kwa wakulima mwaka wa 1964. Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa Kitale mwaka wa 1956 kwa ajili ya mbegu za malisho ya walowezi, ikawa ndiyo inayozalisha na kusambaza mbegu hiyo. Baadaye zikafuata nyingine, na 614 ikawa jina linalojulikana kila nyumba. Mpaka leo kuna wazee wanaokataa kupanda namba nyingine yoyote.

Fikiria mbegu hiyo ilimdai nini kuka. Desturi yote ya wazee wake ilikuwa kuchagua gunzi zuri wakati wa mavuno, kulitundika juu ya moshi wa jiko, na kulipanda msimu unaofuata. Mbegu chotara haikubali hivyo. Ukirudisha punje zake shambani, mwaka wa pili nguvu zimekwisha kupungua. Ilibidi aache jambo alilofundishwa na mama yake, aamini kwamba pesa anazotoa dukani kila mwaka zitarudi, ajifunze mistari, nafasi kati ya mashimo, mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Alijifunza. Mwaka wa 1975 ulichapishwa uchunguzi wa John Gerhart juu ya jinsi mahindi chotara yalivyoenea magharibi mwa Kenya, na wanaofuatilia mambo haya husema kwamba kwenye maeneo yenye rutuba kama haya yetu yalienea kwa kasi isiyopitwa na ile ya wakulima wa Marekani miaka ya 1930 na 1940. Watu ambao wengi wao hawakuweza kuandika majina yao!

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha A. Y. Allan, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa Kitale miaka hiyo ya 1960. Aliuliza swali ambalo kila mwenye duka la pembejeo angependa lisiulizwe: kati ya mbegu mpya, mbolea na ulimaji mzuri, kipi kinaleta mahindi zaidi? Akapima mashamba kwa mashamba. Shamba lililopandwa mapema, kwa idadi sahihi ya mimea, likapaliliwa kwa wakati, lilizaa vizuri kuliko shamba lililochelewa na kuachiwa magugu, hata kama la kwanza lilikuwa na mbegu ya kienyeji bila mbolea na la pili lilipewa chotara na mbolea yake. Vyote vikiwekwa pamoja mavuno yalipaa, hilo halina ubishi. Ila kama ungelazimika kuchagua kimoja, ungechagua kujua. Kujua lini mvua ya Machi ni ya kweli na lini inakutania. Kujua kwamba palizi ya kwanza ikichelewa wiki mbili umekwisha kuligawia gugu mbolea yako.

Basi nikisikia mtu akisema kuka hakusoma, najiuliza alikuwa akitazama wapi.

Na masomo hayakuishia 1964. Mwaka wa 2017 viwavijeshi vamizi waliingia mashambani kwetu kutoka magharibi, na kwa msimu mzima hakuna aliyejua anapigana na nini. Watu walinyunyiza dawa waliyozoea ya funza wa shina, saa walizozoea, na kiwavi akaendelea kula. Kilichowaokoa wengine ni mambo madogo yaliyofundishwa haraka na maafisa wa kilimo na majirani: mtambue kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, tafuta mayai chini ya majani kabla hayajaanguliwa, nyunyiza asubuhi na mapema au jioni, kiwavi akiwa mdogo, na dawa ielekee ndani ya moyo wa mhindi anamojificha, maana akishakua hujifungia humo kwa kinyesi chake na dawa haimfiki. Aliyejua hayo Mei alivuna. Aliyeyajua Julai aliyajua tu.

Tumezungukwa na shule za namna hii kiasi kwamba hatuzioni. Mabanga kuna kituo cha kufundishia wakulima. Kitale kuna Manor House, kituo kilichoanza mwaka wa 1984 katika majengo ya iliyokuwa shule ya watoto wa walowezi, kinachofundisha kilimo cha kutegemea mboji na eneo dogo. One Acre Fund, ambayo leo inafanya kazi nchi kadhaa za Afrika, ilianzia Bungoma mwaka wa 2006 na familia kama arobaini tu. Wanachotoa si mbegu na mkopo peke yake, bali pia mafunzo shambani, kikundi kwa kikundi, kamba ya kupimia mkononi. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 Trans Nzoia ilikuwa kati ya mahali pa kwanza ambapo wakulima walijaribu mbinu ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, ya kufukuza na kuvuta: desmodiamu katikati ya mahindi humfukuza nondo wa funza wa shina, na nepia pembeni humvuta akatage huko. Wakulima hao hawakuenda chuoni. Chuo kiliwafuata na swali walilokuwa nalo tayari.

Mafunzo yanayolipa huanza na swali ambalo kazi imekuuliza. Kiwavi ameuliza, deni la ploti limeuliza, mteja aliyerudi na moshi ameuliza. Yanayopotea, kwa sehemu kubwa, ni yale yaliyoanza na tangazo kwenye nguzo.

"Masomo ya kazini ni njia ya kumkamua mfanyakazi."

Kweli kiasi, na walimu wana haki ya kulisema.

Septemba 2021 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilizindua mpango wa kukuza taaluma ambao kila mwalimu alitakiwa kuupitia. Vyuo vinne viliteuliwa kufundisha, na ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu. Moduli moja ilipangwa kuchukua miaka mitano, moduli sita kwa jumla. Miaka thelathini! Mwalimu mwenye umri wa miaka arobaini angestaafu akiwa bado mwanafunzi. Wengi walipinga, na sidhani walipinga kwa uvivu. Mwalimu wa darasa lenye watoto sabini ana maswali mengi ambayo angelipa mwenyewe ili ajibiwe: nifanyeje na mtoto wa darasa la nne asiyesoma sentensi? Mtaala huu mpya unataka karakana gani, na mimi nina chaki? Alichosikia ni kwamba asipolipa atapoteza leseni. Elimu haina mwisho, karo inao.

Linganisha na jambo lililotokea mwaka wa 2005. Wakati huo wauguzi wengi wa Kenya walikuwa wa ngazi ya cheti, na hao ndio walioshikilia zahanati za vijijini kama zetu. Magonjwa yalikuwa yamebadilika, ukimwi umeleta kazi mpya na dawa mpya, na walihitaji kupanda hadi diploma. Kuwaita wote warudi vyuoni kungefunga zahanati. Shirika la afya la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, wakaanzisha masomo kwa kompyuta, lengo likiwa wauguzi wapatao 22,000. Muuguzi aliendelea na zamu zake, alisoma kwenye kituo kilicho karibu, akafanya mazoezi katika hospitali. Haikuwa rahisi, mtu aliyeshika sindano miaka ishirini hakuwa amewahi kushika kipanya. Lakini mwisho wa njia palikuwa na cheo kinachotambuliwa na kazi anayoweza kuifanya vizuri zaidi kesho yake asubuhi.

Mipango yote miwili ilidai muda wa watu waliochoka. Mmoja ulianza na swali la wodi, mwingine ulianza na orodha ya moduli.

"Mwajiri hana wajibu wa kulipia mafunzo."

Uongo, kwa kifupi. Kila mwajiri anatakiwa na sheria kulipa NITA ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, naye hapaswi kuukata kwenye mshahara wako. Akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa, anaweza kuomba arudishiwe gharama. Wafanyakazi wengi hawajawahi kusikia habari hii. Uliza ofisini kwa adabu, kabla ya kuuza chochote.

"Ukiingia kiwanda kikubwa kitakufundisha, na umefika."

Waulize Webuye.

Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipokuwa kikinguruma, harufu yake ilitufikia kabla ya mji wenyewe, na hatukuilalamikia kwa sababu ilikuwa harufu ya mishahara. Kiwanda kilifundisha watu kweli: wa boila, wa umeme, wa mashine za kugeuza magogo kuwa uji laini wa mbao na uji kuwa karatasi. Kikafungwa mwaka wa 2009. Baadaye kiliuzwa na kikafufuliwa kwa jina jingine, lakini kwa miaka ile ya katikati mji ulinyauka mbele ya macho yetu. Hapo ndipo tofauti ya ujuzi na ujuzi ilipoonekana. Anayejua umeme wa viwandani anaweza kubisha hodi kiwanda cha sukari, hospitali, chuo, hata kisima cha maji. Aliyejua tabia za mashine moja, ambayo nchini hakuna nyingine ya ukubwa wake, alibaki na maarifa mazito yasiyo na pa kuyapeleka. Hakuwa mjinga kuliko mwenzake. Alifundishwa yale ambayo kiwanda kilihitaji, na hakuna aliyemwambia achukue pembeni kitu cha kwake mwenyewe wakati mshahara ulipokuwa ukiingia.

"Kila kitu kiko YouTube."

Kweli, kasoro mkono wako. Video inakuonyesha mikono ya fundi; haikuoni wewe ukikaza nati kupita kiasi. Kwa fundi aliyekwisha kuiva ni hazina. Kwa anayeanza ni sawa na kujifunza kuogelea kwa kutazama mto Nzoia kutoka darajani.

"Umri umeenda."

Uongo, na mashahidi wako jirani. Januari 2004 Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, amevaa sare na soksi ndefu, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi. Alifariki mwaka wa 2009.

Huyo dunia inamjua. Mimi humfikiria zaidi Priscilla Sitienei wa Ndalat, huko Nandi. Alikuwa mkunga zaidi ya miaka sitini. Alipoanza shule mwaka wa 2010 alikuwa na umri wa karibu miaka tisini, na baadhi ya watoto aliokaa nao darasani alikuwa amewapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Walimwita Gogo, yaani bibi kwa Kikalenjin. Sikio la Kiswahili litasikia gogo la mti, na kwa uimara wake halikukosea sana. Moja ya sababu alizozitoa za kwenda shule ni kwamba alitaka kuandika aliyoyajua kuhusu ukunga na dawa za mitishamba, yasiende naye kaburini. Alifariki mwaka wa 2022, akiwa na umri wa miaka 99. Angalia kwamba hakwenda kusomea ukunga. Ukunga alikuwa nao. Alikosa kalamu, akaifuata kalamu.

"Ukisoma sana utaondoka Ndalu."

Hili sijui niliweke wapi. Kila nikitazama orodha ya niliosoma nao, walio na vyeti vikubwa wako Nairobi, Eldoret, Doha. Kitale kuna chuo cha taifa cha ufundi, Bungoma kuna chuo cha Sang'alo, Kibabii imekuwa chuo kikuu kamili tangu 2015. Hakuna tena anayelazimika kwenda mbali ili asome. Lakini kusomea karibu si sawa na kufanyia kazi karibu, na fundi umeme mwenye gredi ya kwanza hatakaa mahali ambapo nyumba nyingi zinahitaji taa mbili na soketi moja.

Hata hivyo nimeona wachache wakirudi. Mmoja wao, binti aliyesomea mambo ya maziwa, alirudi na kipimo kile cha chupa kinachoonyesha kama maziwa yameongezwa maji. Mwezi wa kwanza akina mama wa kikundi chake hawakumpenda hata kidogo. Sasa wanampelekea maziwa wenyewe, kabla hajayaomba, na juzi nilimkuta kwenye kibanda cha fotokopi. Hakuja kutoa nakala ya cheti. Alikuwa akitoa nakala hamsini za karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa Kibukusu, namna ya kusafisha mtungi, na akigombana na mwenye kibanda kuhusu bei.